Maneti Iliyonyamaza Hospitalini

Kwanza, vijana, muache kuniambia kwamba USB ni kuchomeka tu na kazi imekwisha. Nilimsikia mmoja wenu akisema hivyo juzi pale darasani, nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni. Sasa niko kwangu, nimekaa, miguu iko juu ya kigoda na kalamu ninayo. Kazi hiyo ya kuchomeka nimeifanya miaka zaidi ya ishirini, hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na kule Lilongwe. Niliandika programu za kompyuta zinazosikiliza vitu vinavyochomekwa: visoma mistari vya madukani, mizani, vibao vya namba, hata vishikio vya michezo ya watoto. Nimestaafu kwa sababu ya macho. Kichwa bado kipo, ila nikiri mapema kwamba kimejaa mambo nisiyoyaelewa hadi leo. Moja linamhusu marehemu Mzee Amisi, na hilo nataka mlibebe pamoja nami, maana peke yangu limenielemea.

Jina langu la ubatizo ni Domitila, lakini ukiliuliza hapa kambini watu watakuangalia tu. Ulizia Mama Waya. Jina hilo nilipewa na Wakongo, kwa sababu mikoba ya wanawake wengine hutoka kitambaa na sabuni, wa kwangu ukifunguliwa zinamwagika waya. Mimi ni Mrundi wa kijijini. Nilifika hapa nikijua kupiga taipu na kuimba kwaya, basi.

Aliyenifundisha ni Fundi Bahati, mtu wa Bukavu, mfupi, mwenye maneno makali na subira ya ajabu. Mara ya kwanza nilimletea kibao cha namba, vile vidogo ambavyo makarani hutumia kujumlishia. Tayari nilikuwa nimeandika kurasa mbili za programu yake. Alizisoma, akazikunja mara nne, akazisukuma chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

“Mama, hii kitu umeiuliza kwanza?”

“Niiulize nini, Fundi?”

“Iko nasema namna gani. We unaandika jibu, na mwenzako hajafungua hata kinywa.”

Akanipa penseli na karatasi. Kumbe kifaa hakisemi “nimebonyezwa.” Kifaa hutuma namba chache zilizopangwa foleni, ambazo mafundi huziita ripoti, na kila kifaa kina foleni yake. Kazi ya kwanza ni kubonyeza kitufe kimoja, kuangalia ni namba gani imebadilika, na kuiandika. Kisha unakiachia, unaangalia tena, unaandika tena. Mimi sikuandika ya kuachia. Niliona ni kupoteza penseli. Ndiyo maana programu yangu ya kwanza ilihesabu kila kitu mara mbili, kidole kikishuka na kidole kikipanda, na karani aliyeitumia alidhani amepata baraka.

Akanifundisha pia kwamba kila kifaa kina namba mbili za kujitambulisha, moja ya kiwanda na moja ya aina yake, kama mtu anavyotaja ukoo kisha jina. Programu yako ikitafute kifaa kwa namba hizo. Usikitafute kwa tundu kilimochomekwa, maana watu huhamisha, na watoto huhamisha zaidi.

Nilidhani nimeelewa. Nikapata kazi ya duka moja Area 47, mtaa wa Lilongwe, kuunganisha kisoma mistari na programu ya mauzo. Kikafanya kazi vizuri, nikasifiwa, nikanywa soda yao. Baada ya siku tatu nikaitwa mbio. Msichana wa kaunta alikuwa na mchumba Blantyre, na wateja wakipungua alikuwa akimwandikia ujumbe kwenye kompyuta ile ile. Akawa ameandika, “Mpenzi, mimi nakuwaza tu,” kisha mteja akaleta sabuni. Akaipitisha sabuni kwenye kisoma mistari bila kuangalia. Namba za sabuni zikaingia ndani ya ujumbe wa mapenzi, na kwa kuwa kisoma mistari humaliza kwa kujibonyezea kitufe cha kuingiza, ujumbe ukaenda zake. Mchumba akapiga simu akifoka: hizo namba za simu ni za mwanaume gani?

Mimi nikasema ni virusi. Nilisafisha virusi siku mbili. Nilisafisha hata ambavyo havikuwepo. Fundi Bahati aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati.

“Ile kitu haina kosa, Mama Waya. Yenyewe inajuaka kuandika tu. Inaandika fasi macho yako iko.”

Alimaanisha kwamba kisoma mistari hujifanya kibodi, na kompyuta haina habari kwamba si vidole vya mtu. Maandishi huenda popote pale dirisha lililo wazi lilipo. Tangu hapo nikajifunza kubisha mlango wa kifaa chenyewe, kwa zile namba zake mbili, nikapokea ripoti zake kabla hazijageuka kuwa herufi mahali pasipotakiwa.

Kule Mitundu, senta ya soko nje ya Lilongwe, nako niliaibika kwa namna nyingine. Mnunuzi mmoja wa karanga alinitaka niunganishe mizani yake na kompyuta. Niliandika programu ikisema: subiri uzito ufike. Ikasubiri kweli. Ikasubiri kiasi kwamba haikuchora tena dirisha, haikusikia kipanya, skrini ikawa nyeupe kama shuka, na foleni ya wakulima wenye magunia ikaanza kunong’ona kwamba mnunuzi ameficha kilo zao mle ndani. Siku ile nilikimbia na kabaza, baiskeli ya kukodi, kabla jua halijawa kali. Dawa yake ni rahisi: anayepika asiwe huyo huyo anayesimama mlangoni kumngoja mgeni. Weka kazi ya kusubiri pembeni, ipelekee dirisha habari zikifika tu.

Nawaeleza haya ili mjue nilivyokuwa nimezoea. Kila kitu kilipokwama, kosa lilikuwa kwenye programu yangu, na nikikaa na penseli nililipata. Kwa hiyo lilipokuja jambo la Mzee Amisi, nilikaa na penseli.

Mzee Amisi alikuwa mtu wa Kindu, mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu wa mila za zamani, wa kanzu safi na maneno matamu. Ungeweza kwenda kununua kitenge kwake ukarudi na viwili na hadithi tatu. Kisha siku moja kiharusi kikamwangusha pale pale sokoni. Upande wa kulia ukafa, mkono na mguu, na ulimi ukafa pamoja nao. Masikio na akili vikabaki. Macho yake yalikufuata chumba kizima. Mimi niliona hilo ni adhabu kubwa kuliko kifo, kumfungia msemaji ndani ya mwili wake mwenyewe, na sijabadili mawazo.

Mtoto wake mkubwa anaitwa Sefu. Alikuja kwangu asubuhi, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

“Mama Waya, baba iko na sukari, na kidonda ya muguu imekuwa mubaya. Muganga wa Lilongwe anasema bakate chini ya goti, kama hapana, sumu itapanda na itamuua. Lakini anasema hatagusa kisu mupaka mwenyewe aseme anakubali.”

“Na baba hawezi kusema.”

“Njo maana nimekuja. Unifanyie mashine iseme.”

“Iseme nini, Sefu?”

“Iseme anakubali.”

Ningepaswa kumsimamisha hapo hapo. Nilimwambia tu kwamba mashine itasema kile ambacho baba yake atabonyeza, naye akajibu, “Ni ile ile tu.” Nikaacha iwe ile ile. Ukweli ni kwamba nami nilitaka ndiyo. Nani asingetaka? Mguu mmoja, uliokwisha kufa tayari, kwa maisha ya mtu.

Vijana wa kibanda cha michezo ya mpira ya kwenye skrini walinipa maneti, kishikio cha kuchezea kilichokuwa kimevunjika upande mmoja. Upande wa kushoto ulikuwa mzima, wenye kile kitufe cha msalaba kinachobonyezwa juu, chini na pembeni kwa kidole gumba. Nikakichomeka, nikatoa penseli, na mara moja nikachanganyikiwa. Msalaba ule haukutuma moja na sifuri kama vitufe vingine. Ulipokaa kimya, bila kuguswa, ulituma mia na ishirini na saba. Ukibonyeza juu inakuja sifuri, chini mia mbili hamsini na tano. Yaani kimya chake kina namba, na sifuri yake ni neno! Siku nzima nilidhani kimeharibika, na nilipoelewa nikapachika juu kuwa chini na chini kuwa juu. Nikageuza. Kumbukeni kosa hilo, maana lilirudi kunitafuna.

Basi, juu ikawa “Ndiyo,” chini “Hapana,” pembeni huku “Maji,” pembeni kule “Nimechoka.” Ikabaki sauti. Kompyuta ilikuwa na sauti yake ya kusoma Kiswahili, lakini ilipotamka “nimechoka,” Mama Zaina, mke wa mzee, alishika mbavu.

“Bwana yangu si Muzungu! Toa iyo.”

Akasema Sefu ndiye mwenye koo la baba yake, hata kwenye simu watu huwachanganya. Kwa hiyo nikamrekodi Sefu, maneno manne, ndani ya nyumba yao, huku jirani akiombwa asitwange. Ilikuwa kweli. Nilipocheza “Hapana” ile, nilimsikia Mzee Amisi wa sokoni akikataa bei.

Pale nyumbani ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Mama Zaina alikuwa anauliza, mzee anajibu kwa kidole gumba cha kushoto, mimi nikiwa nyuma yao na kompyuta mapajani. Unataka maji? “Ndiyo.” Nikufunike? “Hapana.” Wajukuu walijazana, wakimuuliza kama simba anaweza kumpiga tembo, naye anajibu, na jicho lake moja linacheka. Mara moja nilimuuliza mimi mwenyewe kama maneti haimchoshi. Hakubonyeza. Nikauliza tena, kimya. Nikadhani ni lafudhi yangu ya Kirundi, nikamwachia Mama Zaina aulize.

Tukaenda Lilongwe. Sefu alipata gari la kubeba, tukamlaza baba yake juu ya godoro, vumbi lote la njia likatuingia. Daktari alikuwa Mmalawi, kijana bado, mpole. Aliongea Chichewa, na Sefu, aliyefanya biashara na Wamalawi tangu utoto, ndiye aliyekuwa mkalimani. Nikachomeka. Taa ya maneti ikawaka. Daktari akasogeza kiti, akaeleza habari ya mguu taratibu, kisha akauliza: unakubali?

Kimya.

Akauliza tena. Mzee Amisi alikuwa anamwangalia usoni, macho wazi kabisa, maneti imelala chini ya mkono wake wa kushoto, na kidole gumba hakitikisiki. Nilichomoa nikachomeka. Nikabadili tundu. Nikazima kompyuta nikaiwasha huku watu wazima wanne wakinitazama. Nikaibonyeza mwenyewe, ikasema “Maji” kwa sauti kubwa mpaka muuguzi akachungulia. Nikamrudishia. Kimya. Daktari akatazama jeraha, akasema turudi baada ya wiki moja, lakini isizidi hapo, maana lilikuwa linapanda.

Njia nzima nilikuwa najiuliza. Tukamwingiza ndani kwake, nikachomeka, Mama Zaina akauliza, “Umechoka?” na maneti ikasema pale pale, “Ndiyo.”

Vijana, wiki ile nilikaribia kurukwa na akili. Nilisema ni umeme wa hospitali, nikatafuta waya mfupi wenye ganda nene. Nilisema ni kompyuta kulala, nikaiandikia programu izunguke kila dakika kukitafuta kifaa. Akaja muuguzi wa kliniki ya kambini, mwanamama wa makamo, akamsalimia mzee, akamuuliza kama ana maumivu. Kimya. Alipotoka, Mama Zaina akauliza swali lile lile. “Ndiyo.” Akaja imamu kumjulia hali. Kimya. Alipotoka imamu, mjukuu akaulizia tembo. “Ndiyo.” Nikaweka programu iandike kila ripoti iliyofika na saa yake. Mbele ya imamu zilikuwa mia na ishirini na saba tupu, kuanzia salamu hadi dua. Namba zilikuwa zinaniambia wazi kwamba mtu huyu hakubonyeza. Mimi nikabishana na namba! Nikaandika upya sehemu ya kusoma ripoti, mara mbili.

Na mguu ulikuwa unanuka. Tulikuwa tunaongea juu ya maneti, na harufu iko pale pale kati yetu. Sefu hakuwa tena ananisalimia vizuri. “Mama Waya, siku ziko naisha,” aliniambia, nami nikarudi kwenye ripoti zangu.

Jioni ya siku ya nne nilikuwa naondoka kwao. Kompyuta nilikuwa nimeikumbatia kwa mkono wa kulia, na maneti iko kwenye kushoto. Nikaikumbuka, nikamnyooshea Mama Zaina.

“Unisamehe mkono wa kushoto, mama.”

Mzee Amisi akatoa sauti. Tangu kiharusi sikuwahi kumsikia. Ilitoka kifuani, nzito, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Tukageuka wote. Alikuwa anauangalia mkono wangu wa kushoto, kisha wa kwake, kisha mimi, kisha wa kwake tena.

Mama Zaina akaweka kiganja mdomoni. “Yaani ni ile tu?”

Mzee akafumba macho, akafumbua.

“Mama Waya, uyu mwanaume, toka tuoane, hajamupa mutu hata kiberiti na ile mukono,” akaniambia. “Sisi ba nyumbani hana haya na sisi, tunamuosha kila siku. Lakini bakubwa? Bageni? Muganga amekaa mbele yake na heshima yake, aye amujibu na mukono ya choo?”

Nilirudi ndani nikakaa chini, kwenye mkeka. Niliona aibu ya kweli. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Bibi yangu alinipiga kofi mkono wa kushoto kila nilipoutanguliza, na dakika ile ile nilikuwa nimeuombea msamaha bila hata kufikiri. Siku nne nzima nilikuwa nimetazama namba na waya, na nilikuwa nimempa mzee wa watu kifaa cha kuwatukana wageni wake, kisha nikamlaumu kwa kunyamaza.

Matengenezo yalichukua nusu saa. Juu ya maneti, pale panapofikiwa na kidole cha shahada, kulikuwa na kitufe ambacho sikuwa nimekitumia. Sefu akaitwa, nikamrekodi neno la tano: “Munisamehe mukono ya kushoto.” Kesho yake tukamwita imamu arudi. Akaingia, akasalimu. Kidole cha shahada kikashuka, maneti ikaomba msamaha. Imamu akasimama katikati ya nyumba, akasema, “Hakuna neno, mzee wangu, hakuna neno kabisa.” Na Mzee Amisi akabonyeza yote manne mfululizo, ndiyo, hapana, maji, nimechoka, bila kuulizwa chochote, kama mtu anayesafisha koo baada ya safari ndefu. Tulicheka. Sefu alinishika mabega. Ilikuwa siku nzuri, na tulidhani kazi imekwisha.

Kabla sijawapeleka tena Lilongwe niseme hili. Wengi wameniuliza kama ninajuta, wengine wakitaka niseme najuta, wengine wakitaka niseme sijuti. Nimejaribu yote mawili na hakuna linalokaa. Kuna siku naamka nikiamini nilifanya kazi bora ya maisha yangu, na kufikia saa ya nsima, ugali wa huku, mchana, siamini tena.

Safari hii daktari alikuwa na karatasi za kusaini tayari mezani. Mama Zaina alikuwa amemvalisha Mzee Amisi kanzu, akakaa kando yangu. Nikachomeka, daktari akakaa, na kidole cha shahada kikashuka. “Munisamehe mukono ya kushoto.” Sefu akatafsiri. Daktari akaweka kalamu chini, akapiga makofi madogo ya heshima kama Wamalawi wanavyofanya, akasema, “Palibe vuto, bambo,” hakuna shida, baba. Nilimpenda daktari yule. Kisha akaeleza mguu upya, sumu upya, hatari upya, akauliza kama anakubali akatwe.

“Hapana,” ikasema maneti.

Ilikuwa sauti ya Sefu. Sefu aliisikia sauti yake mwenyewe ikimkatalia, akanigeukia.

“Umegeuza tena. Juu na chini.”

Sikumbishia, kwa sababu ningeweza kuwa nimegeuza. Niliwahi kugeuza. Nilifungua programu mbele yao, nikaangalia: sifuri ndiyo, mia mbili hamsini na tano hapana. Nikamwomba daktari abonyeze mwenyewe. Juu, “Ndiyo.” Chini, “Hapana.” Nikamrudishia mzee, nikamwomba daktari aulize kwa njia nyingine. Anataka kurudi nyumbani na mguu wake? “Ndiyo.” Ameelewa kwamba jeraha hili litamuua? “Ndiyo.” Nikabadili kwa makusudi, juu nikaifanya hapana, chini nikaifanya ndiyo, nikamweleza mzee, nikamwomba aonje yote mawili. Akaonja. Daktari akauliza swali la kwanza tena. Kidole gumba kikahama, kikaenda juu.

“Hapana.”

Daktari akaniuliza mimi sasa, kwa Kiingereza, ambacho nakijua cha kutosha: anayeongea ni mzee au ni mashine? Fundi Bahati hakuwahi kunifundisha kwamba siku moja mtu ataniuliza hivyo. Nilitamani kusema sijui. Ningesema sijui, wangetafuta njia nyingine, labda wangemsainisha Sefu, labda mguu ungekatwa na mzee angekuwa hai. Nilimwangalia Mama Zaina. Alikuwa analia bila sauti, na alikuwa anatikisa kichwa kukubali, akiwa ameshajua kabla yetu sote.

“Ni yeye,” nikasema.

“Nilikuambia iseme anakubali!” Sefu alipiga kelele. “Mama Waya, nilikuambia!” Akainama, akaushika waya, akauchomoa kwa nguvu hata kompyuta ikateleza hadi ukingoni mwa meza. Taa ya maneti ikazimika.

 Nilikuwa nauangalia waya mkononi mwa Sefu, mpaka Mama Zaina aliponigusa goti ili niangalie kitandani. Kidole gumba cha Mzee Amisi kilikuwa kinabonyeza. Juu, juu, juu, na juu sasa ilikuwa hapana. Hakuna ripoti iliyotoka, hakuna sauti, ni plastiki tu iliyokuwa inalia tik, tik, tik, na macho yake hayakuwa kwa daktari wala kwangu. Alikuwa anamwangalia mwanawe.

“Sefu,” Mama Zaina akasema. “Mutafsirie muganga.”

Sefu alisimama pale na waya wake.  Alijipangusa uso begani, akamgeukia daktari.

“Akuti ayi,” akasema. Anasema hapana.

Daktari akazisogeza karatasi pembeni, akainamia kitanda, akaushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili.

“Ndamva, bambo,” akasema. Nimesikia, baba.

Kidole gumba kikatulia.